Miiba ya Nungu

Tulifika kliniki ya askari wastaafu saa tatu kasoro,
theluji imegandia vioo vya gari kama ukoko chunguni.
Kaka yangu Reino alikuja kwa ajili ya goti.
Goti tu, alisema, tangu nyumbani hadi mlangoni,
goti, goti, kama mtoto aliyetumwa dukani
anayeogopa kusahau.

Muuguzi, Bi. LaCombe, miwani ikining'inia kifuani,
aliuliza ya goti. Akauliza ya sigara, ya pombe, ya usingizi.
Kisha, bila kubadili sauti,
akauliza lile ambalo, alisema, huulizwa kila mmoja:
Ulipokuwa jeshini, kuna aliyekugusa,
au kukulazimisha tendo usilolitaka?

Nikainuka niwapishe. Akanishika mkono wa koti.
Saa ya ukutani ilikuwa mbovu, mshale wa sekunde
ukijaribu kupanda, ukirudi palepale.
"Ndiyo," akasema.
Silabi mbili
zilizosafiri miaka thelathini na tisa
kutoka tumbo la meli, chini, penye mitambo,
ambako mwenye cheo alikuwa na funguo pia.
Kikulacho ki nguoni mwako:
nguo yake ilikuwa sare, na aliipiga pasi kila asubuhi.

Kumbe ndiyo maana kiti chake hutazama mlango.
Ndiyo maana huoga mlango wazi, redio ikiongea,
taa ya ukumbini ikiwaka mchana kutwa.
Sisi tulimwita mkorofi.
Mama alikufa akimwita mkorofi.

Bi. LaCombe hakukimbilia pole.
Alisema: matibabu ya jambo hili hayalipiwi.
Hayadai uwe uliripoti. Hayadai jina la mtu.
Kama ni fidia, hilo ni faili jingine, njia yake ndefu,
na huko watataka alama yoyote ya wakati ule:
ombi la uhamisho, daftari la zahanati, barua.

Barua.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Ilikuja na stempu ya bandari ngeni.
"Aili, usimwambie Mama. Nimeomba wanihamishe.
Silali. Chakula si kibaya."
Nikamjibu kurasa mbili za habari za mbwa:
Musti kavamia nungu, mdomo wote miiba,
Baba kaing'oa kwa koleo jikoni, damu hadi kwenye zulia.
Nikachora na picha.

Nimeitunza barua ile katika kopo la vifungo,
si kwa kuwa niliielewa.
Niliipenda stempu.

Wiki iliyofuata tuliipeleka. Mashine ikaimulika,
ikatoa nakala yenye joto. Reino akaishika kwa viganja viwili
kama mtu apashaye mikono kwa kikombe,
akasoma mwandiko wake wa ujana, herufi zimelala upande.
Hakulia. Alisema tahajia ilikuwa mbaya.

Wamempa Alhamisi, saa nane, chumba chenye dirisha,
na mtu wa kumsikiliza anayeitwa Odell.
Fidia bado. Huenda wakakataa. Barua haimtaji mtu,
na mtu mwenyewe alikwisha kuzikwa, kafunikwa bendera.

Njiani kurudi, karibu na kiwanda cha mbao,
akazima redio.
"Yule mbwa," akasema. "Miiba ilitoka yote?"

Nikamwambia kweli. Baba alidhani hivyo.
Mmoja ulibaki, ukasafiri ndani kwa ndani,
ukaja kutokeza begani miaka miwili baadaye,
mbwa amelala zake jikoni.

Hakusema kitu hadi tulipovuka reli.
Kisha akalisugua goti.
"Na hili," akasema, "hata hawakuliangalia."